Mtoto mwenye lupus na matatizo ya mapafu: maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeulizwa tena na tena: kwenye benchi la kliniki, wodini usiku wa manane, na kwa simu za wazazi walioko Tandahimba, Ruangwa au Kilwa ambao mtoto kaanza kukohoa na hawajui wapande bodaboda sasa hivi au wangoje kukuche. Mimi ni muuguzi wa watoto huku Kusini. Majibu yangu hayachukui nafasi ya daktari wa mwanao. Nimeyaandika ili usichelewe kufika kwake, na ukifika ujue cha kumwambia.

Kama mtoto anahema kwa shida muda huu, ruka yote, soma swali la 5 na uondoke nyumbani.

## Kuuelewa ugonjwa

1. Lupus ni ugonjwa gani? Unaambukiza?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu inageuka na kuushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, damu, moyo, ubongo, mapafu. Hauambukizi kwa kikohozi, kwa kula sahani moja wala kwa kulala kitanda kimoja. Mama hakuusababisha kwa chakula alichokula akiwa mjamzito.

Kati ya wagonjwa 10 wa lupus, mmoja au wawili huwa wameanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao ni wasichana waliokwisha kuvuka miaka 10. Kuuona kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni nadra sana. Wazazi wengi hawaambiwi jambo hili mapema: lupus inayoanza utotoni kwa kawaida huwa kali kuliko ya ukubwani, na hushika sehemu nyingi za mwili kwa haraka zaidi. Ndiyo maana kikohozi cha mtoto huyu hatukichukulii kama cha ndugu zake.

2. Ugonjwa wa ngozi na viungo unaingiaje kwenye mapafu?

Kwa njia mbili, na naomba uzielewe zote kwa sababu karibu kila jibu lililo chini linatokana nazo.

Njia ya kwanza ni lupus yenyewe. Mapafu yamevikwa utando laini wa tabaka mbili zinazoteleza kila mtoto anapovuta pumzi. Lupus ikiushambulia utando huo, unavimba na kukwaruzana, na wakati mwingine maji hujikusanya katikati. Hili ndilo tatizo la mapafu linaloonekana zaidi kwa wenye lupus. Mara chache, ugonjwa huingia ndani ya pafu lenyewe: pafu linavimba kama la nimonia ilhali hakuna kijidudu, damu inavuja kwenye vifuko vya hewa, pafu linaota makovu polepole, shinikizo linapanda kwenye mishipa ya mapafu, au damu inaganda na kuziba mshipa.

Njia ya pili ni maambukizi: nimonia ya bakteria, kifua kikuu (TB), virusi, fangasi. Lupus yenyewe huivuruga kinga, na dawa zinazoituliza, kama prednisoloni, huipunguza nguvu zaidi.

Kwa macho huwezi kuzitenganisha njia hizi. Zote zinaleta homa, kikohozi na kuhema. Lakini matibabu yake yanapishana vibaya. Ukimwongezea prednisoloni mtoto mwenye TB ambayo haijajulikana, umeifungulia TB mlango. Ukimpa antibayotiki peke yake mtoto ambaye mapafu yake yanavuja damu, umempotezea saa ambazo hana. Kwa hiyo hatubahatishi nyumbani, na dukani vilevile hatubahatishi.

3. Mwanangu ana lupus ya figo. Lazima mapafu nayo yaugue?

Si lazima. Wapo wanaoishi miaka mingi bila tatizo lolote la kifua. Wengine mapafu ndiyo hutangulia, kabla hata ya upele wa mashavuni kujitokeza. Wewe zijue dalili tu.

## Dalili

4. Kichomi cha lupus kina tofauti gani na kichomi cha kawaida?

Kichomi cha kukimbia au cha gesi huisha ndani ya dakika chache. Cha lupus kinakaa. Kinachoma mtoto anapovuta pumzi ndefu, anapokohoa, anapopiga chafya, anapolala chali. Kinaweza kuwa ubavu mmoja au yote miwili, na mara nyingine mtoto analalamikia bega.

Namkumbuka binti mmoja wa miaka 12. Mama yake alisema "hana shida, ametulia tu." Alikuwa ametulia kweli: amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinamia mbele, kiganja amekibana chini ya kwapa, anavuta vipumzi vifupi vifupi. Mdogo wake alipofanya kichekesho akakunja uso, maana kucheka kulikuwa kunamuuma. Mtoto anayekataa kucheka kwa sababu ya mbavu hajatulia.

Kama kuinama mbele ndiko kunakompa nafuu, mwambie daktari hivyo hivyo. Utando wa moyo nao huenda umevimba, na mara nyingi utando wa moyo na wa mapafu huvimba pamoja.

5. Nitajuaje kwamba hii ni dharura?

Mhesabu pumzi. Mngoje atulie, usimwambie unamhesabu, tazama kifua au tumbo likipanda, na uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Nusu dakika haitoshi, kwa sababu pumzi za mtoto hazifuatani sawasawa. Kwa mtoto wa zaidi ya miaka 5, akizidisha pumzi 30 kwa dakika akiwa amepumzika, hiyo si hali ya kulala nayo.

Ondoka mara moja ukiona mojawapo ya haya: nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, pua zinatanuka, hawezi kumaliza sentensi moja bila kusimama, ulimi au ndani ya mdomo pamekuwa rangi ya kijivu au bluu (usitazame ngozi ya uso, ngozi yetu inaficha), anakohoa damu, anazimia au anaongea asivyoeleweka, mguu mmoja umevimba na unauma huku kifua kinabana.

Baadhi ya familia zimenunua kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Ni kizuri. Chini ya 94 mpeleke hospitali siku hiyo hiyo; chini ya 90 anahitaji oksijeni haraka. Lakini piko na hina kwenye kucha huharibu usomaji, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa. Tena kwa watu weusi kifaa hiki mara nyingine husoma juu kidogo kuliko hali halisi. Namba ikisema 96 na mtoto anatweta, mwamini mtoto.

6. Amekohoa damu kidogo tu, kama kijiko. Ningoje?

Usingoje. Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa nimonia, na inaweza kuwa mapafu yanavuja damu ndani kwa ndani. Hili la mwisho ni nadra lakini linaua kwa kasi kuliko mengine yote yaliyotajwa hapa.

Kinachotisha ni kwamba mtoto anaweza kuvuja damu nyingi ndani ya mapafu bila kutema hata tone. Unachokiona ni kwamba amekuwa mweupe ghafla viganjani na ndani ya kope, anahema, na wingi wa damu uliokuwa 10 juzi leo ni 7. Ukiambiwa hospitali kwamba damu imeshuka na hakuna mahali inapotoka, uliza kwa heshima: "Je, mapafu yameangaliwa?"

7. Hakohoi, hana homa, ila anachoka sana. Hilo nalo ni la mapafu?

Linaweza kuwa. Sababu ya kwanza ya kuitazama ni upungufu wa damu, ambao lupus huuleta kwa njia nyingi. Lakini shinikizo la mishipa ya mapafu, makovu na pafu kusinyaa (swali la 24) huanza hivi hivi kimyakimya. Linganisha na zamani: mwezi uliopita alibeba ndoo kutoka bombani hadi nyumbani bila kuitua, leo anaitua mara mbili. Taarifa ya namna hiyo inamsaidia daktari kuliko neno "anachoka".

8. Ana homa. Nianze na dawa ya malaria?

Anza na kipimo. Huku kwetu malaria ni nyingi na mtoto mwenye lupus anaugua malaria kama wengine, tena anaweza kuzidiwa. Lakini kipimo kikionyesha malaria, usidhani swali limekwisha; anaweza kuwa na malaria na nimonia siku moja. Na kikionyesha hana, usirudi nyumbani na panado.

Mtoto anayetumia prednisoloni anaweza kuwa na maambukizi makubwa na homa ndogo, au asiwe na homa kabisa, kwa sababu dawa hiyo huificha. Homa ya nyuzi 38 na zaidi kwa mtoto huyu ni safari ya hospitali. Mweleze pia mtoa huduma kwamba anatumia haidroksiklorokwini (dawa ya lupus, swali la 15) kabla ya kupewa dawa ya mseto ya malaria, kwa sababu dawa hizo zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

## Hospitali na vipimo

9. Nimpeleke wapi?

Anapohema kwa shida, mpeleke kituo cha karibu chenye oksijeni, hata kama hakina bingwa. Wapo wazazi wanaopanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam na mtoto anayetweta kwa sababu "kule ndiko wanakoujua ugonjwa wake". Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na ndani ya basi hakuna oksijeni. Kwanza atulizwe hapa, kisha kama kuna rufaa asafirishwe kwa utaratibu wa hospitali.

Huku Kusini tuna Ligula pale Mtwara mjini, Sokoine pale Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo watu wa Masasi na Lindi vijijini wanazitegemea. Madaktari bingwa wa baridi yabisi, ambao ndio hushughulika na lupus, ni wachache nchini. Mara nyingi mpango wa muda mrefu utapangwa Muhimbili na kufuatiliwa na daktari wa watoto wa huku.

10. Nibebe nini?

Daftari la kliniki, majibu ya mwisho ya vipimo, na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake. Usiku mmoja alikuja mama na vidonge vyeupe vidogo amevifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna jina, hakuna kipimo. Mtoto hawezi kuongea kwa kuhema, na mama anakumbuka tu kwamba "vile vya asubuhi anakunywa vitatu". Vitatu vya miligramu 5 na vitatu vya miligramu 20 ni dunia mbili tofauti.

Sentensi ya kwanza kutoka mdomoni mwako iwe: "Mtoto huyu ana lupus, anatumia prednisoloni kiasi hiki tangu tarehe hii." Iseme mapokezi, irudie kwa daktari, irudie kwa muuguzi anayeingia zamu. Hatuchoki kuisikia.

11. Tayari wanajua ana lupus. Mbona wanampima TB?

Kwa sababu ya swali la 2. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani, na mtoto mwenye kinga iliyoshushwa ndiye anayetafutwa na TB. Hawakushuku usafi wa nyumba yako.

Atatakiwa kutoa makohozi. Asipoweza, wanaweza kuchukua majimaji ya tumboni kwa mpira mwembamba, au choo. Jibu likitoka hana, bado daktari anaweza kuendelea kushuku, maana kwa watoto vijidudu huwa vichache na havinaswi kirahisi. Kile kipimo cha kuchomwa mkononi nacho kinaweza kudanganya kwa anayetumia prednisoloni: hakivimbi ilhali TB ipo.

12. Wanataka kutoa maji kifuani kwa sindano. Nimesikia mtoto akitolewa maji hufa.

Nimeisikia sana hii. Walioonekana kufa baada ya kutolewa maji wengi walifikishwa wakiwa wamechelewa, na sindano ndiyo iliyokuwa jambo la mwisho watu waliloliona. Kabla ya kuchoma, mahali panawekewa ganzi na mara nyingi panatazamwa kwanza kwa ultrasaundi. Zipo hatari, kama hewa kuingia kwenye utando au damu kutoka, na una haki ya kuelezwa. Lakini maji yale ndiyo yatakayosema kama ni lupus, TB au usaha, na akitolewa yakiwa mengi atapumua vizuri usiku huo huo. Maji kidogo yasiyomsumbua mara nyingi huachwa yakauke kwa dawa.

13. Vipimo vingine ni vya nini?

Eksirei inaonyesha maji, nimonia na ukubwa wa moyo. Damu inaonyesha kama ugonjwa umepanda. Mkojo unapimwa kila mara kwa sababu figo huharibika bila maumivu. Moyo hupigwa picha ya mawimbi kutazama utando wake na shinikizo la mishipa ya mapafu. CT skani huonyesha ndani ya pafu yale ambayo eksirei haiyafikii. Kuna pia kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine. Mtoto anaweza kuonekana mzima na bado kipimo hiki kikaonyesha mapafu hayatanuki inavyotakiwa.

14. Binti yangu wa miaka 13 ameambiwa kipimo cha kaswende kimesoma anayo. Nimepigana naye nyumbani.

Mama, pumua, umrudie mtoto kwa upole. Baadhi ya wenye lupus wana chembechembe kwenye damu zinazokifanya kipimo cha awali cha kaswende kisome "anayo" wakati hana. Ni jambo linalojulikana. Kuna kipimo cha pili cha kuhakiki. Omba kifanyike kabla mtu yeyote hajamhukumu.

Halafu mwambie daktari wa lupus kuhusu jibu hilo, kwa sababu chembechembe hizo hizo ndizo zinazofanya damu igande ovyo (swali la 25).

## Dawa

15. Haidroksiklorokwini si ndiyo ile klorokwini ya zamani? Inamkinga na malaria?

Ni ndugu wa ile, si ile yenyewe. Wazazi wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini kwa kuwasha mwili mzima, na hii nayo huwasha baadhi ya watoto. Klorokwini iliachwa kama tiba ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea. Kwa hiyo usiitegemee hii kwa malaria. Chandarua kibaki pale pale.

Kwa lupus lakini ndiyo nguzo. Hupunguza ugonjwa kuibuka upya, na hutumika hata mtoto akiwa mzima kabisa. Macho yapimwe anapoanza, kisha kwa ratiba ya daktari.

16. Prednisoloni imemvimbisha uso, anakula mno, wenzake wanamcheka. Nipunguze kidogo?

Usipunguze wewe. Mwili unaopewa dawa hii kwa wiki nyingi huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukiikatisha ghafla, mtoto anaweza kulegea, kutapika, shinikizo la damu kuanguka, na akafa. Achilia mbali lupus kurudi kwa kishindo. Akitapika dozi mbili mfululizo mpeleke hospitali, atapewa kwa sindano.

Najua uso ule unauma. Wasichana wa miaka 14 wamewahi kuvitupa vidonge chooni kwa sababu ya kioo, nami siwalaumu. Ongea naye kabla hajafika huko, na umwambie daktari mbele yake kwamba jambo hili linamtesa. Kuna dawa nyingine, kama azathioprini na maikofenoleti, zinazowekwa ili prednisoloni ipunguzwe polepole. Mapafu yakiwa hatarini huhitajika dozi kubwa za mshipani pamoja na saiklofosfamaidi, dawa kali ya kutuliza kinga. Uso hurudi dozi ikishuka.

Mpe asubuhi baada ya kula. Chumvi kidogo, soda na maandazi kidogo. Samaki, mbaazi, kunde na kisamvu kwa wingi.

17. Tumeambiwa aepuke salfa. Ni ile ya mikorosho?

Hapa maneno yanatuchanganya, na ni kosa letu sisi wa hospitali kutofafanua. Kuna dawa za salfa, kama septrini na ile ya malaria ya vidonge vitatu vya mara moja. Hizi kwa baadhi ya wenye lupus huleta mzio mkali au kuuamsha ugonjwa. Sema kwamba ana lupus kabla hajapewa. Daktari akiona faida ni kubwa, anaweza kumwandikia hata hivyo.

Salfa ya mikorosho ni kitu kingine kabisa: ni unga wa kiberiti tunaoupuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Hauamshi lupus kwa njia ile, ila unawasha koo na njia za hewa za mtu yeyote, sembuse mapafu yenye kidonda. Kuanzia Juni hadi Agosti, mabomba yanapounguruma alfajiri na shamba lote likawa ukungu wa njano, mtoto huyu asiwe shambani, na asilale chumba kinachohifadhiwa mifuko ya salfa. Aliyepulizia abadili nguo kabla ya kumkumbatia.

18. Amekutwa na TB na lupus pamoja. Atatumia dawa zote hizo?

Ndiyo, na dawa za TB ni bure. Jambo moja lihakikishwe: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini liichome prednisoloni haraka, hivyo kipimo kile kile kinakuwa hakitoshi. Daktari wa lupus na kliniki ya TB lazima wajuane. Wewe ndiwe daraja, beba daftari zote mbili. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, huweza, kwa nadra, kuleta dalili zinazofanana na lupus. Hiyo si sababu ya kuikataa.

19. Nimpe diklofenaki kwa kichomi?

Bila kuuliza, hapana. Dawa za jamii hiyo hutuliza kichomi cha lupus vizuri na daktari anaweza kuziandika, lakini mtoto mwenye figo zilizoguswa zinamwumiza. Panado ni salama zaidi ukiwa njiani kwenda hospitali.

20. Bibi yake anataka apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba. Wanasema ni jini.

Lupus hupanda na kushuka yenyewe. Leo mtoto hajiwezi, wiki ijayo anacheza rede. Ukiangalia ugonjwa wa tabia hiyo, naelewa kabisa kwa nini watu wanaona mkono wa mtu nyuma yake, na kwa nini mganga aliyeendewa siku ugonjwa unashuka anapewa sifa.

Bibi simbishii mbele ya mjukuu. Namwomba mambo matatu: vidonge visikatishwe hata siku moja, asivutishwe moshi wala kufukizwa akiwa amefunikwa shuka, na asinyweshwe dawa ambayo hatujui imechemshwa na nini, kwa sababu ya figo. Dua aendelee nazo. Bibi wengi wamekubali.

21. Dawa zimekwisha na korosho bado hazijauzwa.

Usingoje mnada. Njoo dawa zikiwa zimebaki za wiki moja, uende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yako. Kazi yao ni pamoja na msamaha wa gharama. Ukilazimika kuchagua ya kununua kwanza, nunua prednisoloni, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 16, na utupigie siku hiyo hiyo kuhusu zilizobaki.

## Maisha ya kila siku

22. Jua, moshi, shule, kufunga, chanjo: vipi?

Jua huamsha lupus, hata ya mapafu, hata kwa ngozi nyeusi. Nguo za mikono mirefu, mtandio au kofia pana, na kuokota korosho asubuhi mapema au jioni, si saa 6 mchana. Walimu waambiwe asisimamishwe mstarini juani.

Asikae jikoni kwenye kuni, na asiwe karibu korosho zinapochomwa na maganda. Moshi wake ni mkali mno. Asivutiwe sigara chumbani.

Ugonjwa ukiwa umepanda au akiwa kwenye prednisoloni nyingi, asifunge Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa yake. Ukiwa umetulia, daktari anaweza kupanga dozi daku na futari.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama surua, polio ya matone na homa ya manjano, asipewe akiwa kwenye dozi kubwa bila daktari kusema. Chanjo ya nimonia, ya mafua na ile ya wasichana ya saratani ya mlango wa kizazi ni zake. Na tetekuwanga ikiingia darasani kwao, mlete siku hiyo hiyo kabla hata ya upele. Kwa mtoto wa namna hii inaweza kushuka mapafuni.

23. Mwaka huu anatakiwa kuingia jandoni, na dada yake unyagoni. Inawezekana?

Watu huogopa kuniuliza hili wakidhani nitawakemea. Mila ni zetu. Tatizo langu ni vidonge. Nimeona binti aliyewekwa ndani wiki tatu, kungwi hakuambiwa, vidonge vikabaki kwenye kopo nyumbani, akatoka akiwa na maji mapafu yote mawili.

Kwa msichana: kungwi mmoja ajue, akabidhiwe dawa na saa za kuzitoa, chumba kiwe na hewa, moshi usiwepo, na mama aruhusiwe kumwona. Kwa mvulana: atahiriwe hospitali, si kwa ngariba, kwa sababu prednisoloni huchelewesha kidonda kupona, na mwili wake unaweza kuhitaji dozi ya ziada siku ya kukatwa. Mafunzo ya jando atayapata baada ya kidonda kupona. Ugonjwa ukiwa umepanda, ahirisheni mwaka.

## Yasiyo ya kawaida

24. Eksirei imetoka safi, lakini bado anahema. Anajidekeza?

Hajidekezi. Lipo tatizo la nadra ambapo mapafu yanaonekana safi ila madogo, na kiwambo cha chini ya mapafu kimepanda juu. Misuli ya kupumulia haivuti vizuri, mara nyingi baada ya kichomi cha muda mrefu. Hugunduliwa kwa kipimo cha kupuliza, na wengi hupata nafuu kwa dawa. Eksirei safi pia haifuti damu iliyoganda mapafuni.

25. Damu kuganda mapafuni hutokeaje kwa mtoto?

Wale wenye chembechembe nilizozitaja swali la 14 wako hatarini zaidi. Mguu mmoja unavimba, kipande cha damu kinang'oka na kwenda kuziba mshipa wa pafu: kifua kinabana ghafla, anahema, anaweza kuzimia. Safarini asikae saa 8 bila kunyoosha miguu. Mshushe kila basi linaposimama, anywe maji.

Kwa msichana mkubwa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza hatari hii, na maikofenoleti na saiklofosfamaidi humdhuru mtoto aliye tumboni. Zipo njia nyingine za uzazi wa mpango za kutumia. Mruhusu azungumze na muuguzi peke yake.

26. Atapona?

Lupus haina dawa ya kuimaliza, ina dawa za kuilaza. Kichomi na maji ya utando kwa kawaida huisha ndani ya siku au wiki bila kuacha alama kubwa. Makovu ya pafu hayafutiki, ila yanaweza kuzuiwa yasiongezeke. Watoto wengi wanaotumia dawa bila kukatisha wanasoma, wanakua, wanaolewa na kuoa.

27. Ameniuliza, "Mama, nitakufa?" Nimejibu nini, nimelia tu.

Watoto huuliza hivyo usiku, pumzi zinapokuwa fupi. Usimwambie "nyamaza, usiseme hivyo", maana ataendelea kuwaza peke yake. Mimi huwaambia ninachokijua: ugonjwa huu ni mkubwa, dawa zake zipo, na kifua kikibana aniite, sitakasirika hata akiniita mara kumi. Halafu nampandishia mto, namkalisha, na tunahesabu pumzi zake pamoja kwa sauti ya chini. Wengi hulala kabla hatujafika ishirini.